Punda anashikwa na tumbo: ni pumba au ni mchanga?

SWALI: Assalam alaykum, daktari. Nina punda wawili hapa Lamu, hubeba mawe na saruji kutoka gatini. Kazi ilipozidi nikaanza kumpa yule dume kilo mbili za pumba za mahindi kila jioni, namwagia chini uani. Tangu hapo ameshikwa na tumbo mara mbili: analala, anainuka, anageuza shingo kutazama ubavu. Jirani anasema nimnyweshe mafuta ya kula. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam. Mafuta kwanza: usimnyweshe. Yakikosea njia yanaingia mapafuni, na nimeona punda akipona tumbo akafa kwa mapafu. Dawa ya namna hiyo daktari huipitisha kwa mpira, kupitia puani hadi tumboni.

Sasa pumba. Punda ni ndugu wa farasi, si wa ng'ombe. Hacheui, tumbo lake ni dogo, na hata akizidiwa hawezi kutapika. Majani huyeyushwa huko nyuma, kwenye utumbo mpana, na vijidudu vilivyozoea nyuzinyuzi. Wanga ukija mwingi kwa mkupuo, utumbo mwembamba hauumalizi. Unaobaki unateremka nyuma na kuchacha, unaleta gesi na asidi. Hapo ndipo msokoto unapoanza, na mambo yakiendelea hata kwato huuma.

Tupige hesabu. Farasi na punda huwekewa kikomo cha takriban gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya mwili kwa mlo mmoja. Dume wako akiwa na kilo 130, ni gramu 130. Hata tukisema robo tu ya pumba zako ni wanga (na za mashine nyingine huzidi hapo), kilo mbili zina gramu 500. Umemlisha karibu mara nne, tena kwa mlo mmoja, tena jioni akiwa na njaa na uchovu.

Usizikate ghafla. Punguza kidogo kidogo kwa siku kumi hadi kumi na nne, huku ukiongeza nyasi kavu na mabua, hadi zibaki konzi mbili tatu, nusu asubuhi na nusu jioni. Wengi hudhani mabua ni chakula cha shida. Kwa punda ndiyo chakula hasa. Anahitaji kati ya kilo 2 na 2.5 za majani makavu kwa siku, na awe na cha kutafuna usiku pia. Maji safi yawepo kila wakati, hasa akitoka kazini.

Lakini lile la kumwaga chini uani limenishtua zaidi. Kwa ardhi ya Lamu, kila anapookota pumba anaokota na mchanga, nao hukaa utumboni. Chukua vidonge sita vya kinyesi chake, vya juu visivyogusa ardhi, vitie kwenye chupa ya kioo yenye maji, tikisa, uache dakika kumi na tano. Mchanga ukituama chini, jibu unalo. Mlishie kwenye karai pana au hori. Na mtazame asirande jalalani: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, ila jalala halijasikia habari hiyo, na plastiki iliyokwama hakuna lishe inayoiyeyusha.

Mkague na kinywa. Ukiona anadondosha mafundo ya nyasi zilizotafunwa nusu, meno yana kasoro, na hapo kubadili chakula peke yake hakutasaidia.

Usimfungie chakula kutwa nzima ukidhani unampumzisha tumbo. Punda asipokula, hasa mnene au jike mwenye mimba, mafuta ya mwili hufurika kwenye damu na kuliharibu ini. Tena punda huficha maumivu kuliko farasi. Ukimkuta kasimama pembeni kimya, kichwa chini, pumba hazigusi, muite daktari saa hiyo hiyo, usingoje agaragare.