Gari Lipo, Mafuta Hayapo

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mwezi uliopita wezi walivunja nyumba ya jirani yangu saa nane usiku. Tulipopiga simu kituoni, askari wa zamu alitujibu kwa upole kabisa kwamba gari lipo ila mafuta hayapo, tukiweza tupeleke. Tulichangishana tukapeleka dumu. Wiki hiyohiyo nasikia redioni bajeti ya polisi imeongezwa. Fedha hizo zinaishia wapi? Na kwa nini kila eneo lisipewe askari kulingana na idadi ya watu wake, yakaisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hilo dumu halijanitoka kichwani. Nilikuwa mhasibu wa polisi kwa miaka 19, na madumu kama hayo nimeyaona yakipokelewa bila kuandikwa popote.

Tuanze na hilo neno "imeongezwa". Ndani ya bajeti ya polisi kuna mishahara na posho, halafu kuna matumizi mengineyo: mafuta, matairi, umeme, karatasi, chakula cha mahabusu. Karibu kila nchi mishahara ndiyo hubeba sehemu kubwa. Serikali ikiajiri askari wapya, bajeti inapanda kweli, lakini askari hao hawaji na mafuta yao. Magari nayo mara nyingi hununuliwa kwa fungu la maendeleo, wakati mafuta na matengenezo yanatoka fungu jingine kabisa. Ndiyo maana unaweza kuona magari mapya yakikabidhiwa mbele ya kamera, na miezi michache baadaye ukayakuta yameegeshwa uani.

Tena, fedha kupitishwa si fedha kutolewa. Bunge hupitisha makadirio, hazina hutoa kwa awamu kadiri mapato yanavyoingia. Mapato yakipungua, hakuna anayethubutu kugusa mshahara wa askari. Kinachokatwa ni mafuta. Nakumbuka kitabu cha safari za gari nilichokikagua katika kituo kimoja: kuanzia tarehe 1 hadi 10 mistari imejaa, kilomita, sahihi ya dereva, kila kitu. Tarehe 11 pameandikwa "gari limeegeshwa", na kurasa zilizofuata ni nyeupe hadi mwisho wa mwezi. Nilipofungua kitabu cha matukio cha kituo hichohicho, taarifa za wizi na vipigo ziliendelea kuandikwa kila siku. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kuhusu idadi ya watu, hapo sikubaliani nawe. Utafiti wa mji wa Minneapolis, Marekani, uliochapishwa mwaka 1989, ulionyesha kuwa takriban asilimia 3 tu ya anwani za mji ndizo zilizozaa nusu ya simu zote za kuwaita polisi. Ukigawa askari kwa vichwa, unawapeleka wengi mahali pasipo na shida. Wala kuzungusha magari ovyo si dawa. Kansas City, mji mwingine wa Marekani, walijaribu hilo mwaka 1972 hadi 1973: maeneo mengine waliondoa doria za kawaida, mengine wakaziongeza mara mbili hadi tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa kiasi cha maana.

Shida ni kwamba hata palipo na kanuni nzuri ya mgao, mazoea huishinda. Uingereza na Wales wana kanuni ya hesabu inayoangalia hali ya maisha ya eneo, hadi wingi wa baa. Lakini kwa miaka mingi umewekwa utaratibu wa kuzuia fungu la kikosi chochote lisiyumbe sana, basi vikosi vyote hupanda au kushuka kwa asilimia ileile. Jaribio la kuibadilisha kanuni hiyo lilisimamishwa mwaka 2015 baada ya kugundulika takwimu zilizotumika zilikuwa na makosa. Kwingine hakuna hata kanuni: wanachukua ya mwaka jana, wanaongeza kidogo.

Hapo ndipo dumu lenu linaponitia wasiwasi kuliko wizi wenyewe. Kwenye vitabu, usiku ule kituo kilihudumia tukio bila kuomba lita hata moja ya ziada. Mwakani mkuu wa kituo akiomba mafuta zaidi, wa makao makuu atamwonyesha rekodi zake mwenyewe: mbona ulimudu? Na mtaa usio na uwezo wa kuchangishana utakaa gizani unasubiri gari ambalo halitakuja. Hilo si jambo la kuzoea, mwanangu, hata likifanywa kwa upole.

Mbunge wenu akija, mwulize mambo matatu: katika bajeti hiyo mishahara ni kiasi gani, kilichotolewa hadi sasa ni kiasi gani, na kituo chenu kilipata lita ngapi mwezi uliopita. Na leo hii andika barua fupi kwa mkuu wa kituo: tarehe, saa, lita mlizopeleka. Mwombe agonge muhuri kwenye nakala yako.