Kabla Hujamwita Rafiki Yako Chawa

Kwa miaka tisa mimi na jirani yangu wa kibanda katika soko la Kilombero, hapa Arusha, tuliachiana funguo za akiba. Akichelewa kutoka Usa River, nilimfungulia, nikatoa magunia yake ya maharage nje na kuwauzia wateja wake kwa bei yake. Nami nikipata udhuru, yeye alifanya vivyo hivyo kwa mchele wangu. Jioni tulikabidhiana fedha bila daftari. Urafiki huo niliuvunja mwenyewe kwa neno moja, Oktoba 2020, kampeni za uchaguzi mkuu zilipokuwa zimepamba moto.

Asubuhi hiyo alikuja amevaa fulana ya mgombea udiwani ambaye mimi sikumtaka. Mbele ya mteja niliyekuwa nampimia kilo tano za mchele, nikamwambia, "Kumbe na wewe ni chawa?" Alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba heri chawa kuliko nyumbu. Mteja alicheka. Kesho yake nilikuta ufunguo wangu juu ya mizani, umefungwa kwa kipande cha kamba ya katani, na yeye amenipa mgongo akichambua maharage.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa sana maneno haya. Chawa ni yule anayedaiwa kumsifia mkubwa ili aishi kwa mgongo wake, na nyumbu ni mfuasi wa upinzani anayedaiwa kwenda na kundi bila kufikiri. Matusi tumeyazoea, na marafiki hutaniana kwa maneno makali kuliko hayo bila kukosana. Ubaya wa maneno haya ni kwamba yanajibu swali ambalo hatujauliza. Nilipomwita chawa nilikuwa nimeshaamua kwa nini anamuunga mkono mtu yule, kwa hiyo sikuona haja ya kumuuliza. Ningemuuliza, angeniambia habari ya mtaro wa nyuma ya vibanda vya upande wake, ambao kila masika ulifurika na kulowesha magunia yake ya chini, na kwamba mgombea yule ndiye aliyehangaika hadi ukazibuliwa. Unaweza kuipinga sababu hiyo, lakini ni sababu ya mtu mwenye akili timamu.

Mji wetu una kumbukumbu ndefu ya maneno ya namna hii. Hapa ndipo lilipozaliwa Azimio la Arusha mwaka 1967, na wazee wanakumbuka jinsi neno kupe lilivyotumika katika siasa za miaka ile kumwelezea mnyonyaji. Hapa hapa, katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, ilifanya kazi Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda hadi ilipofunga shughuli zake mwishoni mwa 2015. Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio ya RTLM na gazeti la Kangura, na miongoni mwa maneno yaliyopimwa katika kesi hiyo lilikuwamo inyenzi, yaani mende. Katika miaka ya 1960 neno hilo lilikuwa jina la wapiganaji wa Kitutsi waliotokea uhamishoni. Baadaye likatandazwa juu ya Watutsi wote, hata watoto. Ugomvi wa sokoni haulingani kabisa na maafa yale, na sitaki kuyapunguza kwa kuyafananisha. Ninachokiona ni mwendo wa neno lenyewe: huanza kwa wachache, halafu anayelitumia haangalii tena limemwangukia nani.

Jambo jingine ambalo ningependa kila mtu alifikirie kabla ya kugombana ni hili: wanaotupa maneno haya kutoka jukwaani hawafungamani nayo kama sisi. Edward Lowassa wa Monduli, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, alihama CCM Julai 2015 akagombea urais kupitia CHADEMA, na Machi 2019 akarudi CCM. Ilikuwa haki yake kuhama na kurudi. Lakini mara zote mbili nilisikia vinywa vilivyokuwa vikimtukana vikianza kumsifu, na vilivyokuwa vikimsifu vikianza kumtukana, siku chache tu baada ya habari kutoka. Wanasiasa walipeana mikono. Walionuniana kwa ajili yao huku mitaani, wengine hawajasalimiana hadi leo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Pinga kura ya mwenzako, pinga fulana yake, mwambie wazi kwamba mgombea wake hafai na kwa nini, lakini usimpe jina. Na kama umeshampa, usimwombe radhi kwa ujumbe wa simu. Mimi nilituma ujumbe mara mbili, haukujibiwa. Miezi saba baadaye mama yake alifariki, mama aliyekuwa akiniita mwanangu kila nilipompa shikamoo, na habari za msiba nilizipata kwa mchukuzi wa mizigo. Nilikwenda Usa River, nikakaa mwisho wa turubai kama mgeni. Watu walipopungua nilimfuata, nikamwambia, "Kaka, nilikukosea kukuita vile, tena mbele ya mteja." Sikuongeza maelezo, kwa sababu kila maelezo niliyoyaandaa njiani yalikuwa ya kujitetea. Alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula.

Sasa tunasalimiana, tunabadilishiana chenji, na habari ya mtaro nilielezwa na yeye mwenyewe. Tunabishana siasa pia, kwa sauti ya juu wakati mwingine. Ufunguo wake wa akiba, hata hivyo, anauacha kwa jirani wa upande wa pili, nami sijauomba.