Re: Nachanganya rangi za maji naishia kupata tope, ninunue boksi la rangi 36?

Mkuu, umesema kila ukichora mikoko ya Bagamoyo kijani kinageuka tope, ukauliza kama boksi la rangi 36 litakusaidia. Usilinunue. Litakuongezea njia za kupata tope tu.

Bluu siyo moja, na njano siyo moja. Kila tyubu ina upande inakoegemea. Bluu ya altramarini, namba PB29, inaegemea zambarau, kwa hiyo ina wekundu kidogo ndani yake. Bluu nyingine, ya fthalo, namba PB15, inaegemea kijani. Namba hizo hutaja chembe za rangi zilizomo ndani, na huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa tyubu. Rangi za bei ya chee mara nyingi hawaziandiki, na hapo unachanganya gizani. Ukiitia PB29 kwenye njano yenye uchungwa, umeshaingiza wekundu kutoka pande zote mbili bila kujua, na wekundu na kijani huuana. PB15 na njano ya ndimu zitakupa kijani kinachong'aa mpaka kinakera.

Zambarau nayo ni hivyo hivyo. Bluu na nyekundu ya pilipili huishia kahawia, kwa sababu nyekundu ile ina unjano. Tafuta waridi ya PV19.

Ila kwa mikoko, kijani kilichofifia ndicho unachokitaka. Mimi hutumia PB29 na njano ya joto, yaani ile yenye uchungwa, halafu natia siena ya kuchoma kidogo, ile kahawia yenye wekundu wa kutu. Rangi mbili, tatu kwa shida. Ya nne ikiingia, imekufa. Na kumbuka kijani cha tayari kwenye boksi mara nyingi kimeshachanganywa rangi mbili kiwandani; ukikiongezea mbili zako, hesabu mwenyewe.

Nyeusi usiiguse kabisa, hasa ukikaa kuchora kuta za Caravanserai, kile kituo cha zamani cha misafara, au magofu ya Kaole. Kivuli cha ukuta wa mawe ya matumbawe ni PB29 na siena: bluu ikizidi kinapoa, siena ikizidi kinapata joto. Uzuri wa PB29 ni kwamba chembe zake hutuama kwenye vishimo vya karatasi, zikaacha ukwaru unaofanana kabisa na jiwe lenyewe. Lakini iwe karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye mparuzo. Karatasi ya printa itajikunja tu.

Halafu, jamani, bahari ya Bagamoyo siyo feruzi ya postikadi za Zanzibar! Ruvu inamwaga maji kaskazini ya mji, kuna matope na mikoko. Ongeza siena kwenye bluu yako bila kuona haya.

Masika hewa ya pwani ina unyevu, karatasi inachelewa kukauka. Gusa kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ya baridi bado ina maji, na ukipaka juu yake rangi ya chini itaamka zichafuke zote. Rangi ikikauka hupauka pia, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Ukitaka orodha ya kwenda nayo dukani: njano ya ndimu, njano ya joto, nyekundu ya joto (ile ya pilipili), PV19, PB29, PB15 na siena ya kuchoma. Ukikosa pesa ya zote, acha nyekundu ya joto kwanza. PV19 na njano ya joto zitakupa nyekundu ya kutosha.