Nahamishiwa Mtumba na familia nzima, tupange upande gani wa Dodoma?

SWALI: Habari mtaalamu. Mi ni mhasibu, nipo Tanga, nimepata barua ya uhamisho natakiwa kuripoti wizarani Mtumba mwezi wa saba. Mume wangu ni fundi wa friji na AC, amejiajiri, kwa hiyo na yeye atahitaji kuwa karibu na wateja mjini. Tuna mtoto wa darasa la tatu, mwingine kidato cha pili, na tunaishi na mama mkwe ana presha na sukari anahudhuria kliniki kila mwezi. Gari hatuna. Mwenzangu ofisini kasema Iyumbu, dalali ananipigia kila siku kuhusu nyumba ya Nzuguni na nyingine ya Chamwino, mume anataka Area C. Halafu kuna mtu kaniambia ninunue kiwanja kabisa niachane na kupanga. Nisaidie maana kichwa kinauma.

JIBU: Dada yangu hongera kwa uhamisho na pole kwa hayo madalali, yakishajua unatoka mkoani na una barua ya serikali hayakuachi ulale.

Kwanza nikutoe wasiwasi kwenye kitu ambacho wengi wanakianzia, umbali wa ofisi. Mtumba, huo mji wa serikali zilipo wizara, ipo kama kilomita 17 hivi toka katikati ya mji, barabara ya Dar, lami tupu, na kwa mtu aliyewahi kukaa Dar hiyo safari hata haihesabu. Foleni ya Dodoma ipo siku hizi hasa asubuhi, ila bado haijafikia ya kulia. Kinachowamaliza watu Dodoma sio kilomita za lami, ni kile kipande cha vumbi kutoka lami hadi getini kwako. Hapo ndo pa kuangalia kabla ya kitu kingine chochote, kabla hata ya kuuliza vyumba vingapi.

Piga hesabu hii na mumeo. Chukulia nyumba ipo ndani kilomita mbili tatu toka kituo cha daladala, boda ni buku kwenda na buku kurudi. Wewe, mume na huyo wa kidato cha pili, watu watatu, siku 22 za mwezi, hiyo ni 132,000 imeondoka na hapo hujapanda daladala bado. Sasa dalali atakwambia nyumba ya ndani ni nafuu kwa elfu hamsini kuliko ya karibu na lami. Nafuu ya nani? Na mvua ikinyesha hiyo boda inakuwa buku mbili au haifiki kabisa, unavua viatu unatembea na tope la mbuga linang'ang'ania miguuni, unafika ofisini saa tatu wakati kazi inaanza saa 1:30.

Kwa hiyo ukiambiwa "Nzuguni" usijibu ndiyo wala hapana, uliza Nzuguni ipi na hatua ngapi toka lami. Nzuguni ni kubwa, kuna ya pale Nanenane jirani na stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai, na kuna Nzuguni ya ndani huko ambayo usiku ukishuka kwenye daladala unatafuta mtu wa kuongozana naye. Zote zina jina moja kwenye tangazo.

Hiyo ya Chamwino ndo usiiguse mpaka dalali aeleze vizuri. Kuna kata ya Chamwino hapa hapa mjini, na kuna Chamwino ya wilayani, iliko Ikulu, ambayo ipo mbele ya Mtumba unapoelekea Morogoro. Ukiwa wewe peke yako hiyo ya wilayani ingefaa tu, asubuhi unakuja ofisini upande ambao wengi hawaendi, lakini mumeo na mafriji yake atakuwa na safari ndefu ya kuja mjini kila siku, na wateja wa AC wengi wapo mjini. Ile ya mjini nayo ni kinyume, yeye atafurahi wewe utahangaika.

Nikija kwenye familia yenu sasa. Mi huwa naangalia nani anasafiri mara nyingi na nani hana nguvu ya kuhimili safari. Kliniki ya mama ni mara moja kwa mwezi, hata ukikodi bajaji ya kwenda na kurudi hospitali ya Benjamin Mkapa kule UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, au ile hospitali ya rufaa ya mkoa mjini, unailipia mara moja. Ila zahanati au kituo cha afya cha karibu hakikisha upo, presha haisubiri tarehe ya kliniki. Mtoto wa darasa la tatu anasafiri kila siku na ndo mdogo kuliko wote, kwa hiyo nyumba ianze na shule yake, awe anatembea kwa miguu kama inawezekana. Mkimpeleka English medium yenye basi, ulizeni basi linaanza kuokota wapi. Watoto wa mbali wanaokotwa wa kwanza na kushushwa wa mwisho, yaani unaweza kukuta mtoto wa miaka tisa anasimama barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mwezi wa sita na wa saba Dodoma ina baridi na upepo ambao watu wa Tanga hamuujui, nunua masweta mapema.

Iyumbu ni pazuri sikatai, pamepangwa, kuna nyumba za NHC, shirika la nyumba la taifa, UDOM ipo jirani na Benjamin Mkapa ipo karibu kwa mama. Mwenzako wa ofisini nahisi ana gari. Bila gari inabidi kwanza utoke Iyumbu hadi barabara ya Dar ndo ushike la Mtumba, hiyo ni kuunganisha kila asubuhi. Kama wizara yenu ina basi la watumishi na linapita huko basi hesabu inabadilika kabisa, uliza hilo leo hii kabla ya kitu kingine, uliza na vituo vyake kwa majina.

Area C ya mume ni mjini hasa, kila kitu kipo jirani, ila kodi yake ni ya mjini pia. Msalato na Miyuji, kama kuna atakayekwambia, ni barabara ya Arusha, huo ni upande mwingine kabisa, kuna mradi wa uwanja mpya wa ndege Msalato na bei zinapanda kwa sababu hiyo, haikuhusu.

Mi ningekuweka kati ya Ipagala, Ilazo na Nzuguni ya karibu na Nanenane. Sababu ni moja tu, nyie mnavutwa pande mbili, wewe mashariki yeye katikati ya mji, na ukikaa kwenye mkanda huo kila mtu anapanda gari moja kwenda upande wake. Kati ya hizo tatu, kwa mtu asiye na gari naipa Nanenane nafasi ya kwanza, soko lipo, daladala za pande zote mbili zipo, na ndugu wakija toka Tanga wanashukia hapo hapo. Kelele za stendi zipo ila sogea kidogo tu.

Maji sasa, hapa nitakaa kidogo maana hili ndo linafukuza wapangaji. Maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, mji umekua haraka sana tangu serikali ihamie, kwa hiyo maji ni ya mgao na kila mtaa una siku zake. Usimuulize mwenye nyumba kama maji yapo, atasema yapo. Muulize jirani, mama anayefua nje, mara ya mwisho yalitoka lini na yalitoka kwa saa ngapi. Halafu angalia simtanki ni la lita ngapi na limekaa wapi, tanki la lita 1,000 linalohudumia familia tatu kwenye fensi moja ni ugomvi unaoletewa mlangoni. Kwa familia yenu ya watu watano pambana upate nyumba yenye tanki lenu wenyewe, au mnunue lenu mhame nalo mkihama. Na uliza boza linafika getini au barabara haipitiki.

Kuna suala la chumvi pia. Maji ya Dodoma maeneo mengi ni magumu, sabuni haitoi povu. Mpangaji anayetoka akikukaribisha ndani, chungulia birika lake, ukiona ukoko mweupe umeshika pembeni ujue na bomba la bafuni litaziba kila baada ya muda. Mumeo kama fundi ataelewa haraka, ukoko huo huo unaharibu hita na mashine za kufulia, atapata na kazi humo humo.

Mtakuwa mnatafuta nyumba kiangazi, kila mahali pakavu, kila nyumba inaonekana nzuri. Mvua Dodoma ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, inanyesha kidogo kwa mwaka ila inapokuja inakuja kwa hasira na ardhi tambarare haina pa kuipeleka. Upande wa Nkuhungu huko watu wanaujua mziki wake. Ukienda kuona nyumba inama uangalie ukuta wa nje chini, kuna mstari wa tope? Angalia seng'enge ya jirani, kama kuna majani makavu yamenasa usawa wa goti, maji yalipita hapo na yatapita tena. Angalia na korongo, la mchanga mweupe lililokauka watoto wanachezea mpira, lipo wapi kati ya nyumba na shule. Mchwa nao wapo wa kutosha, gonga fremu za milango.

Luku, hakikisha mita yenu peke yenu. Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, hiyo ni ya mwenye nyumba sio yako, mkubaliane mapema atakurudishia au itapunguzwa kwenye pango, iandikwe kwenye mkataba. Watataka kodi ya miezi sita, wengine mwaka, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Omba miezi mitatu ya kwanza, watu wanakubali kuliko unavyodhani hasa nyumba ikiwa imekaa wazi muda.

Kuhusu kidato cha pili, msimhamishe mwezi wa saba. Ana upimaji wa taifa mwezi wa kumi na moja, usajili ukishafanyika kuhamisha katikati ni usumbufu na hata ukifanikiwa unamchanganya mtoto. Wewe ripoti, panga chumba na sebule huku mashariki, mume na watoto wamalizie mwaka Tanga, Desemba waje wote. Huyo wa darasa la tatu naye ataanza la nne Januari vizuri na wenzake maana la nne nako kuna mtihani. Uhamisho ukifika omba namba zao za PReM, zile namba za utambulisho wa mwanafunzi, kwa walimu wakuu, bila hizo huku hawapokelewi kirahisi. Faida nyingine, hiyo miezi mitano unatafuta nyumba taratibu Jumamosi hadi Jumamosi badala ya kuchukua ya kwanza kwa sababu mizigo ipo kwenye fuso.

Kiwanja, hapana, sio sasa hivi. Sio kibaya, ila hujui bado mumeo wateja wake watakuwa wapi na wewe hujui utakaa wizara hiyo mpaka lini. Ukifika wakati wake kumbuka Dodoma ilikuwa chini ya CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ilivunjwa 2017 na kazi zake zikaenda kwa halmashauri, ambayo 2018 ikawa Jiji, kwa hiyo bado kuna karatasi za zamani zinazunguka mikononi mwa watu pamoja na vile vipande vya mashamba vinavyouzwa kwa barua ya serikali ya mtaa tu. Usilipe hata senti kabla ya kufanya upekuzi ofisi ya ardhi. Na ile barabara ya mzunguko ya nje, kilomita 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa hadi Matumbulu, kila anayeuza jirani nayo atakwambia kiwanja kitapanda bei, muulize kipo mita ngapi toka hifadhi ya barabara. Akikupa namba ya kitalu na ya kiwanja niandikie tena, nitakuangalizia kwenye ramani ya mipango miji hapo pamepangwa makazi au pamepangwa kitu kingine.