Je, kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 itupwe?

Ndugu, umeuliza kama inakulazimu kununua kompyuta mpya kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yako imekataliwa na Windows 11. Kwa maoni yangu, usiharakishe kununua. Mara nyingi sababu ni kichakataji cha zamani au kukosekana kwa chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, wala si kwamba mashine imeshindwa kazi. Na wakati mwingine chipu hiyo imo ila imezimwa, kwa hiyo anza kwa kuikagua kwenye mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta.

Ikiwa haimo, jaribu Linux Mint, mfumo endeshi unaowekwa badala ya Windows, ambao hauna ada ya leseni. Unaipakua, unaiandika kwenye flashi, kisha unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski ya ndani, ili uone kama waifai, sauti na printa vinafanya kazi kabla hujafuta chochote. Kompyuta yangu yenye RAM ya gigabaiti 4, niliyoibadilishia diski ya zamani nikaweka SSD (diski ya kasi zaidi), ndiyo ninayoandikia jibu hili, na inaniuma sana kuona mashine nzima kama hiyo ikitupwa.

Kwenye Linux Mint utatumia LibreOffice, programu za ofisi zinazofungua faili za Word na Excel, ingawa makro za Excel (amri zilizohifadhiwa ili kufanya kazi zenyewe) huleta matatizo. Kama kazi yako inazitegemea, ni heri uendelee kulipia Microsoft Office kwenye Windows. Vyovyote utakavyoamua, nakili kwanza faili zako zote kwenye diski ya nje.