Runi: herufi, hirizi na ramli

Nasikia runi zililetwa na Odin. Ni kweli?

Ndivyo Waskandinavia wa kale, watu wa kaskazini mwa Ulaya, walivyosimulia: runi, herufi zao za kale, zilitoka kwa Odin, mungu wao mkuu. Katika shairi la Hávamál, Odin anaeleza alivyoning'inia mtini usiku tisa, amechomwa mkuki, hana chakula wala kinywaji, ndipo akazinyakua runi. Ukizitazama herufi zenyewe, nyingi zinashabihiana na za Kilatini na za alfabeti za kale za kaskazini mwa Italia, na makabila ya Kijerumani, wakiwemo mababu wa Waskandinavia, yalifanya biashara na Warumi, yakapigana nao pia; huenda zilitoka huko. Mfano wa mapema ni chanuo lililopatikana Vimose, Denmark, la mwaka 160 hivi; lina neno moja tu la runi, *harja*, ambalo huenda ni jina la mtu.

Zilikuwa ngapi?

24 mwanzoni. Enzi za Waviking, mabaharia wa Skandinavia, zilibaki 16.

Uchawi wake ulifanywaje?

Kwa kuchonga. Hirizi ya mfupa iliyopatikana Lindholm, kusini mwa Sweden, ina herufi ya *a* mara nane mfululizo, kisha nyingine zisizounda neno, na mwisho *alu*, neno linaloonekana kwenye hirizi nyingi za wakati ule. Jiwe la Björketorp, lililochongwa runi huko Sweden, linamlaani atakayelivunja.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi kimo katika saga ya Egil, yaani hadithi ndefu ya kale ya Iceland. Egil anamkuta binti yu hoi kitandani. Kijana aliyempenda alikuwa amemchongea runi za mapenzi kwenye mfupa wa nyangumi, lakini kijana huyo hakuzijua vizuri, zikamletea binti maradhi. Egil anazikwangua, anauchoma mfupa, anachonga nyingine na kuziweka chini ya mto. Binti anapata nafuu. Egil anaonya: asiyejua kuzisoma runi asizichonge.

Nimenunua mawe 25 ya runi, moja tupu. Ndivyo walivyopiga ramli?

Hapana. Jiwe tupu lilienezwa na kitabu kilichotoka Marekani mwaka 1982. Mwandishi Mrumi Tacitus, mwaka 98, anaeleza Wajerumani walivyokata tawi la mti wa matunda, wakatia alama vijiti vyake na kuvitupa ovyo juu ya kitambaa cheupe. Kuhani, au baba wa familia, aliomba akitazama mbinguni, akaokota vitatu. Tacitus hasemi kama alama hizo zilikuwa runi. Mawe yako yatumie ukipenda, ila usikubali kuuziwa kama mila ya Waviking.