Mtumbwi wa mume wangu umezindikwa kwa mganga, je dagaa wake ni najisi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mume wangu ana mtumbwi kwa ushirika na wenzake wawili, walivyokosa samaki wakaleta mganga, akachinja mbuzi na kufunga kitambaa cheusi kule mbele ya chombo. Wakapata. Sasa wanataka kurudia, na mume anaomba mchango kwenye mtaji wangu. Je hao dagaa niuze? Hela nitoe? Kanisani tunasali wote.

JIBU: Amen mama, ubarikiwe. Nianze na dagaa maana hapo pepesi. Dagaa sio najisi. Korintho ilikuwa hivi hivi, nyama nyingine ya sokoni ilitokea kwenye sadaka za sanamu, wapendwa wakawa wanaogopa hata kununua kitoweo, Paulo akawaambia (1 Wakorintho 10:25) kila kiuzwacho sokoni kuleni bila kuuliza-uliza, kwa kuwa dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Mganga hajaumba hata dagaa mmoja. Kwaiyo anika, uza, watoto wale.

Mbuzi sasa ni habari nyingine kabisa. Paulo yule yule, sura ile ile, mstari wa 20 na 21 anasema sadaka zile zinatolewa kwa mashetani na huwezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Pale mwaloni unanunua dagaa, ila kwenye mbuzi unakaa mezani, na ukitoa hela yani wewe ndio umelipia hiyo meza. Usitoe. Na wakikuletea paja nyumbani wakakwambia limetoka kule, mstari wa 28 unasema usile.

Najua mumeo atasema mbona walipata. Mama, muulize mwezi ulikuwaje siku hizo. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu na wavuvi wenyewe wanapumzika, giza likirudi dagaa wanapanda, sasa mganga mjanja anaitwa mwezi ukiwa ukingoni, anakula hela yake, baada ya siku chache nyavu zinajaa na sifa zote anachukua yeye. Ndicho Mungu alicholalamikia kwenye Hosea 2:8, nafaka na divai na mafuta katoa yeye, watu wakapeleka kwa Baali. Na samaki kupungua kuna sababu zake, ndo maana 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hilo halitibiwi na mbuzi.

Wengi tunadhani mwabudu sanamu ni yule asiyekanyaga kanisani. Soma 2 Wafalme 17:33, wale watu wa Samaria walimcha Bwana NA wakaitumikia miungu yao, vyote viwili kwa pamoja, kama mumeo na wenzake.

Na nisiwaonee waganga peke yao, maana kuna wapendwa wanapaka mtumbwi mafuta ya upako kwa imani ile ile ya kitambaa cheusi. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu kabisa, lakini watu walipoanza kumfukizia uvumba Hezekia mfalme akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Sijui tunajitetea vipi hapo.

Kuhusu kuishi na mume wa hivyo usijihukumu. Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma akaahidi kumwabudu Bwana tu, alimwambia nabii Elisha kwamba bosi wake atamwegemea mkono ndani ya hekalu la mungu Rimoni na yeye itabidi ainame, akajibiwa "Enenda kwa amani" (2 Wafalme 5:19). Kwaiyo mpikie, mheshimu, dagaa wake nunua, ila ongea nae akiwa ametulia, sio asubuhi anatoka ziwani hajalala na chombo hakijapata kitu, na umwambie hivi: baba fulani, mtaji wangu ukitaka kununua nyavu au mafuta ya injini nakupa, hela ya mganga sina. Akikasirika atakasirika.

Kile kitambaa usiende kukifungua usiku. Gideoni alibomoa madhabahu ya Baali usiku kweli, ila aliagizwa na Mungu na ilikuwa ya baba yake, huo mtumbwi una wenyewe watatu. Mumeo akiamua, akifungue yeye, mchana, wenzake wakiona.